Kipande Chenye Kona Iliyomeguka

Siku ambayo ndugu walikuwa wanakuja kumuaga, Loyce Mughwai aliamka na furaha ya kuogopa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na katika miaka hiyo mambo mazuri yalikuwa yamemjia kwa kuchungulia mlangoni kwanza, yakipima kama ndani kuna pa kukaa. Hili la sasa lilikuwa kubwa kuliko yote. Saa tisa alasiri ya Jumamosi hiyo, huko Dodoma alikofanya kazi, makala yenye jina lake ingetumwa ng'ambo. Ikishatumwa, maabara rafiki ya huko ng'ambo ingethibitisha nafasi yake ya masomo ya miaka miwili. Ndivyo walivyoahidi kwa maandishi. Barua alikuwa nayo kwenye simu, na alikuwa ameisoma mara nyingi kiasi kwamba aliijua hata mahali ilipokosewa nukta.

Mama yake, Marietha, alikuwa tayari jikoni, moshi ukimtoka begani kama shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watu wa ndege siku hizi hawalali?"

"Sijawa mtu wa ndege bado."

"Usiniambie bado. Nimewaita shangazi zako watatu, na kila mmoja anakuja na kuku. Ukisema bado, hao kuku nitawarudishaje?"

Loyce alicheka, lakini kicheko hakikushuka hadi tumboni. Pale Mgori msafiri wa mbali haondoki hivi hivi. Ndugu hukusanyika, wakala, wakamwekea mikono kichwani mmoja mmoja, na baada ya hapo safari inakuwa si yake peke yake tena, ni ya wote. Mtu aliyekwisha kubarikiwa akabaki nyumbani ni kitu kisichokuwa na jina.

Alikuwa fundi sanifu wa maabara, si mwanasayansi mkubwa. Alizaliwa hapo hapo Mgori, msitu ukionekana kwa mbali kama mstari wa masizi, na utoto wake aliumaliza nyuma ya ng'ombe wa babu yake, mzee Simeoni. Babu huyo alikuwa na sharti moja: ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwanyooshea kidole na kusema moja, mbili, tatu, umewaita wapungue. Wewe simama mlangoni pa zizi, watazame nyuso zao wakipita. Huyu mwenye doa jeupe begani, huyu mwenye sikio lililochanika, huyu wa rangi ya udongo mbichi. Akikosekana mmoja, moyo wako utakwambia. Na kweli, moyo wa Loyce ulimwambia kila mara. Aliingia darasa la kwanza akiwa hajui kuhesabu hadi ishirini, lakini akiwatambua ng'ombe arobaini kwa jinsi walivyoshusha pua.

Jicho hilo ndilo lililompeleka mbali. Sekondari alisomea mjini Singida, na mwalimu wa fizikia aligundua kwamba binti huyo akitazama mzunguko wa umeme mara moja anauona waya uliolegea. Akapelekwa kusomea ufundi wa maabara, akafanya kazi shule mbili tatu za vumbi, kisha akaajiriwa Dodoma na Daktari Shamte, mtoto wa wafanyabiashara wa Singida mjini ambaye aliacha duka la baba yake na kwenda kusomea vitu visivyouzika. Daktari Shamte alipomuuliza siku ya usaili kwa nini anaitaka kazi hiyo, Loyce alijibu kwamba anapenda kutazama vitu vidogo bila kuharakishwa. Akapewa kazi.

Kazi yenyewe alijaribu kuieleza kwa baba yake, Antipasi, jioni iliyotangulia, wakiwa wamekaa uani.

"Baba, ukiongea na simu muda mrefu si inapata moto?"

"Inakuwa kama kiazi kilichotoka jivuni."

"Moto ule ni umeme uliopotea. Ndani ya simu mna swichi ndogo ndogo, zinaitwa transista. Mabilioni. Umeme ukipita humo unagongana na kujikwaa njia nzima, na kila swichi inapowaka na kuzima inakula chake. Sasa simu moja si kitu. Lakini kuna majumba yamejaa kompyuta, yanakula umeme wa mji mzima, na kupoza tu huo moto ni kazi nyingine."

"Na nyie mmegundua nini?"

"Hatujagundua, tunajaribu. Kuna mata fulani, yaani vitu vya kutengenezea swichi, Daktari anaziita mata za topolojia. Ni utando mwembamba, ukiutandaza huuoni. Katikati yake haupitishi umeme. Lakini ukingoni unapitisha, na umeme ukishaingia ukingoni haugeuki nyuma. Ukikuta kovu, unalizunguka unaendelea. Haujikwai."

Baba alifikiri. "Kama mifugo kwenye mapito, mashamba kushoto na kulia yamepandwa."

"Hasa. Sasa sisi tunajaribu kuyafunga na kuyafungua hayo mapito kwa volti kidogo sana. Transista za kawaida zina kikomo, chini ya hapo hazizimiki vizuri. Hii ikizimika chini ya kikomo, umepata swichi isiyo na njaa."

"Kwa hiyo mimi nitachaji simu mara moja kwa mwezi?"

"Wewe labda hapana. Wajukuu zako."

"Hao wajukuu," alisema Antipasi akimtazama mkewe, "nao bado wako maabara?"

Marietha alicheka hadi akashika ubavu, na Loyce naye akacheka, kwa kuwa jioni hiyo kila kitu kilikuwa bado sawa.

Ilikuwa sawa kwa sababu ya kipande cha tano. Maabara ya ng'ambo ilikuwa imewatumia vipande sita vya silikoni, kila kimoja kidogo kuliko ukucha, na juu yake utando wa ile mata. Vilikuja katika kikasha cha plastiki chenye vishimo sita kwa mstari mmoja. Kifuniko chake kilikuwa cheupe kinachoonyesha ndani, na juu ya kifuniko ndiko zilikoandikwa namba, moja hadi sita. Karatasi iliyofuatana nacho ilieleza unene wa kila utando: cha tano kilikuwa chembamba kuliko vyote, safu moja tu ya atomu, cha pili kilikuwa kinene. Kazi ya Dodoma ilikuwa kuvipoza na kuvipima. Na Loyce, siku hiyo ya kupima, aliona kipande kimoja kikizimika kwa theluthi moja ya volti iliyozoeleka. Alipima tena. Kikazimika tena. Daktari Shamte aliinuka kwenye kiti na kukaa mara tatu. Kilikuwa cha tano, kile chembamba, kile ambacho nadharia ilisema ndicho chenye sifa. Makala nzima ilisimama juu yake.

Basi asubuhi hiyo ya Jumamosi, baada ya chai, Loyce alikwenda zizini kwa mazoea tu. Alisimama mahali alipokuwa akisimama utotoni, kando ya mlango, kuwatazama ng'ombe wakitoka. Lakini mlango ulikuwa umezibwa kwa miiba. Baba yake alikuwa upande wa pili wa zizi, akiondoa magogo ya mlango mpya.

"Mchwa wamekula nguzo za huko," alipaza sauti. "Nimehamishia huku."

Ng'ombe wakaanza kutoka. Loyce, akiwa bado upande wake wa zamani, akawataja kimoyomoyo kama alivyozoea. Na wa kwanza kutoka alikuwa yule mzee mwenye mabaka, ambaye siku zote za maisha yake alitoka wa mwisho.

"Baba! Huyu Mabaka leo amepatwa na nini? Amekuwa kiongozi?"

"Hajapatwa na kitu. Analala pale pale anapolala siku zote. Mlango ndio uliohama. Mwisho wa zamani ndio mwanzo wa sasa. Wewe umesimama nyuma, mama."

Loyce alitabasamu. Kisha tabasamu likakatika, kama uzi ulionaswa na msumari.

Aliona meza. Meza ya maabara, Dodoma, siku ya kupima. Aliona mtungi wa nitrojeni, ile nitrojeni baridi kama maji ya mauti ambayo waliinunua kwa wataalamu wa uhamilishaji wanaohifadhi humo mbegu za madume ya ng'ombe. Kefa, kijana wa Manyoni aliyeutunza mtungi huo, alipenda kusema kwamba vipande vya Daktari vinalala kitanda kimoja na madume ya kisasa. Na siku hiyo Kefa alikuja akasema, "Dada Loyce, mpira wa nitrojeni umekatika ncha, haufiki. Nausogeza mtungi upande wa dirishani." Akausogeza. Na Loyce akachukua kigoda chake, akazunguka meza, akakaa upande wa dirishani ili awe karibu nao.

Kikasha kilibaki pale pale. Kilikuwa kimebandikwa kwa utepe juu ya meza kisitikisike. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa.

Alianza kutoa vipande kutoka kushoto kwenda kulia, kama kila siku. Lakini kushoto kwa mtu aliyekaa dirishani ni kulia kwa mtu aliyekaa mlangoni, mahali pake pa kila siku.

Angekuwa ameandika namba kwa kila kipande akiwa nacho mkononi, huenda angesita. Hakuandika. Aliandika kama babu yake alivyomfundisha kutazama: "chenye kona iliyomeguka," "chenye alama ya kidole," "cheusi kidogo." Vyote alivijua kwa sura, na kila kimoja alikirudisha kwenye kishimo chake. Jioni Daktari Shamte aliyasoma madaftari akacheka: "Binti Mughwai, hao wa ng'ambo hawachungi. Niwekee namba." Naye, akiwa amechoka na mwenye furaha, aliweka namba kwa kichwa. Cha kwanza kutoka, namba moja. Chenye kona iliyomeguka, ndicho kilichozimika vizuri, kilikuwa cha tano kutoka.

Kama alikaa upande wa dirishani, cha tano kilikuwa cha pili. Kile kinene. Ambacho kwa nadharia hakina ile sifa hata kidogo.

"Mama," baba yake aliita, "umeona nyoka?"

"Hapana, baba. Nakwenda kupiga simu."

Mgori mtandao haukai nyumbani kwa Mughwai. Unaufuata mwenyewe, juu ya mwamba ulio nyuma ya shule, na hapo nako unasimama kwenye ncha moja tu, ukiwa umeelekea Singida. Loyce alipanda kwa magoti na viganja, gauni likimshika. Ilikuwa saa nne na nusu. Alikuwa na muda, alijiambia. Alikuwa na muda, na pengine alikuwa anajitisha bure. Pengine siku ile alikizungusha na kikasha pia. Alijaribu kukumbuka mikono yake ikifanya hivyo, na mikono ikakataa kushuhudia.

Kefa alipokea mara ya nne.

"Dada wa Ulaya! Umeshavaa koti?"

"Kefa, uko wapi?"

"Niko sokoni, nanunua nyanya. Wanyaturu mkiagwa mnakula peke yenu, sisi Wagogo tunajipikia."

"Leo si siku ya kujaza mtungi?"

"Nitajaza saa saba."

"Nenda sasa hivi. Nakuomba, kaka. Kabati la kushoto, kile kikasha cha vipande. Usikifungue. Kifuniko kinaingia upande mmoja tu, hakigeuziki, kwa hiyo namba ziko sahihi. Tazama kwa juu. Kuna kipande kimoja kona yake imemeguka. Niambie kiko chini ya namba gani."

Utani ukamtoka Kefa. "Kuna nini?"

"Tazama kwanza."

"Saa moja. Nipe saa moja, nyanya nitamwachia huyu mama."

Saa hiyo ilikuwa ndefu. Jua lilipanda juu ya mwamba hadi jiwe likaanza kumchoma kupitia gauni, naye hakushuka, kwa kuogopa kuupoteza mtandao. Chini, kwenye njia, alimwona shangazi Stumai, dada wa baba yake aliyeolewa Mkiwa, akishuka kwenye pikipiki na kuku wawili wamefungwa miguu, wakining'inia vichwa chini. Alimsikia hadi juu pale akimwuliza dereva kama anajua kwamba nyumba hii inatoa mtu wa ng'ambo. Dereva alisema hajui. "Basi jua," alisema shangazi.

Loyce alijificha nyuma ya ncha ya jiwe kama mwizi.

Alianza kufikiri mambo ambayo hakutaka kuyafikiri. Hakuna aliyeuliza. Makala ilikuwa imesomwa na watu watano wenye akili kuliko yake na wote waliridhika. Grafu ilikuwa nzuri, mstari wake ukishuka kama mtu anayeshuka ngazi nyumbani kwake. Ingechukua mwaka, pengine miwili, mtu mahali fulani ajaribu kutengeneza kipande cha safu moja na kushangaa kwa nini hakifanyi hivyo. Angejilaumu mwenyewe kwanza. Angesafisha vyombo vyake, angeanza upya, angepoteza miezi. Loyce alimwona mtu huyo, hakujua kwa nini alimwona kama msichana, mwenye kibanio cha maabara mkononi, akiamini karatasi yenye jina la Mughwai kuliko macho yake.

Simu iliita.

"Dada Loyce."

"Niambie."

"Kiko chini ya mbili."

"Una uhakika ni chenyewe? Kona ya upande gani?"

"Ya juu, upande wa kulia. Kama jino lililong'oka. Namba mbili. Nimetazama mara tatu, hata mlinzi nimemwita akatazama."

Loyce alikaa chini.

"Nilisogeza mtungi," Kefa alisema taratibu. Alikuwa ameelewa peke yake. "Ni mimi. Niliusogeza mtungi."

"Wewe ulisogeza mtungi. Namba niliweka mimi."

"Sasa?"

"Sijui. Asante, Kefa. Karudie nyanya zako."

Alibaki na simu mkononi. Saa sita ilikuwa imekaribia. Aliandika jina la Daktari Shamte, akalifuta. Akaliandika tena. Alitamani mtandao ukatike wenyewe. Uliwahi kukatika siku nzima kwa upepo tu, na leo vile vijiti vinne vilisimama imara kama askari. Akapiga.

"Binti Mughwai!" Sauti ya Daktari Shamte ilikuwa ya mtu aliyeoga na kula. "Wameshakuchinjia?"

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Naangalia marejeo ya mwisho hapa. Jina lako nimelikagua herufi kwa herufi, wasije wakakuandika Mgawi."

"Daktari, naomba usitume."

Alisikia kiti kikilia. Akaeleza. Alieleza haraka, kisha taratibu, kisha akarudia mwanzo: mtungi, kigoda, dirisha, kushoto na kulia, kona iliyomeguka, kifuniko.

"Kefa ni mtu wa mtungi," alisema Daktari hatimaye.

"Kefa ana macho, Daktari."

"Pengine ulivichanganya wakati wa kuvirudisha. Pengine kikasha ndicho kilichokosewa na kupima kulikuwa sawa."

"Pengine. Ndiyo maana nasema tusitume. Sijui. Wiki nzima nilidhani najua."

"Loyce." Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Wiki nzima nimelala na grafu hiyo. Nimemwonyesha mke wangu, ambaye hata volti haijui. Dirisha la kupokea makala linafungwa leo, halifunguki hadi mwakani. Unaelewa? Tungeweza kutuma, halafu wiki ijayo tukapima upya. Ikiwa kuna kosa tunasahihisha. Watu husahihisha."

Lilikuwa wazo zuri. Lilikuwa na miguu minne na lilisimama. Loyce alilitazama kwa muda, na moyo ukampanda, kisha ukashuka.

"Tukituma leo, nafasi yangu inathibitishwa Jumatatu," alisema. "Nikishathibitishwa, nikishafika huko, na ndugu zangu wameshanibariki, sina hakika kama nitakuwa na nguvu ya kusahihisha. Najijua, Daktari. Nitatafuta sababu."

Juu ya mwamba upepo ulipita ukaichezea simu, ukaacha mvumo sikioni.

"Nani mwingine anajua?"

"Kefa. Na mlinzi ameona kona."

Daktari Shamte alicheka, kicheko kibaya, kifupi, cha mtu aliyejigonga kidole cha mguu. Kisha simu ikakatika. Loyce hakujua kama ni mtandao au ni yeye.

Alisubiri. Akapiga, ikaita bila kupokewa. Saa saba ikapita. Kutoka nyumbani harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ilipanda hadi kwake, na sauti za wanawake zikawa zimeongezeka. Mara mbili alisikia jina lake likiitwa. Alijiuliza kama sasa hivi, kule Dodoma, kidole cha mtu kiko juu ya kitufe. Alikuwa amesema, hilo lilikuwa lake. Lakini kama makala ingekwenda, kosa lingekwenda na jina lake pia, na safari hii akijua.

Saa nane kasoro dakika kumi ujumbe uliingia. "Sijatuma. Waandikie wewe wale wa ng'ambo, kwa maneno yako. Unipe nakala."

Hakukuwa na neno la kumpoza. Loyce alifungua ukurasa wa barua pepe kwenye kioo kilichopasuka pembeni, na akaandika kwa Kiingereza cha shule, sentensi fupi fupi, akizisoma kwa sauti kabla ya kuendelea, kama alivyokuwa akisoma zamani somo la imla. Kwamba jina lake ni Loyce Mughwai na ndiye aliyepima. Kwamba siku hiyo alikaa upande mwingine wa meza. Kwamba hakuandika namba vipande vikiwa mkononi, bali baadaye kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa ya mtu aliyekaa mahali pake pa kawaida. Kwamba anaamini kipande kilichozimika ni cha pili na si cha tano, na kwamba vyote sita vinapaswa kupimwa upya. Alifika mwisho akataka kuandika kuhusu nafasi yake. Alianza, "Naelewa kwamba," akaifuta. Akaanza, "Naomba," akaifuta pia. Akaweka jina lake, akatuma.

Majibu yalikuja upesi kuliko alivyotarajia, akiwa bado hajashuka. Yalikuwa ya mistari miwili. Walimshukuru kwa kuwaarifu. Mchakato wa nafasi yake ulisimamishwa hadi watakapowasiliana tena.

Alisoma mara moja tu.

Alipofika uani, wote walikuwepo. Mkeka ulikuwa umetandikwa katikati, na kiti kimoja cha mbao, cha kwake, kimefunikwa kitenge kipya. Shangazi Stumai alimwona wa kwanza, akainua kichwa na kupiga kigelegele, na wengine wawili wakakidaka. Loyce alinyanyua mkono. Hawakuelewa, wakaongeza. Alinyanyua mikono yote miwili, na vigelegele vikaanguka kimoja kimoja, hadi ikabaki sauti ya mafuta yakitokota jikoni.

"Shangazi zangu, shikamooni," alisema. "Naomba msinibariki kwanza. Mliambiwa naenda. Leo sijui."

"Wamekunyima?" Shangazi Stumai alikuwa tayari kugombana na mtu. "Nani kakunyima? Nipe jina."

"Hakuna aliyeninyima. Nilikosea kazi, nikawaambia kwamba nimekosea. Sasa wamesimamisha."

"Wangejua wenyewe kama usingewaambia?"

"Siyo upesi."

Shangazi alimtazama kama anayetazama nguo iliyoshonwa kinyume. "Kwa hiyo umejisemea mwenyewe. Na kuku wangu ameshanyonyolewa."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Baba yake, aliyekuwa ameegemea mlango wa nyumba, alikuwa akimtazama binti yake kwa namna ambayo Loyce hakuweza kuisoma, na hilo lilimtisha kuliko barua.

Marietha alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amesikia.

"Ulikosea wewe, au walikukosea wao?"

"Mimi, mama."

"Na hilo kosa linatengenezeka?"

"Inabidi kupima upya vyote. Jumatatu, kama Daktari atanifungulia mlango. Sijui kama atanifungulia."

Marietha alisimama. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayepiga hesabu ya watu aliowaambia, kuanzia padri hadi mwenye duka. Kisha akainama, akakiondoa kitenge kipya kwenye kiti, akakikunja mara mbili, mara nne, akakiweka kwapani.

"Basi kaa kwenye mkeka na wenzako," alisema. "Chakula kinapoa."

Loyce alivua viatu, akakaa kati ya shangazi wawili waliosogea kumpisha. Simu ilikuwa mapajani, kioo juu, ingawa alijua kwamba hapo nyumbani hakuna mtandao na hakuna kitakachoingia. Kila dakika chache aliigeuza na kuitazama.